Alama ya njano

"Ushaniua, ndugu yangu."

Mtoto wa ami yangu alilisema hilo kwa sauti ile ile anayotumia kuniambia chai imepoa. Ilikuwa saa tano kasoro usiku hapa Unguja, saa sita kasoro kwao Muscat, na kwenye skrini yangu mpira wa moto ulikuwa unashuka taratibu kuelekea maji ya mlango wa bahari wa Hormuz. Nilikuwa nimeshaanza kushangilia. Nilikuwa nimeshatamka "foksi tuu" kwa madaha, kama rubani anayelipwa mshahara, maneno ya kutangaza kombora linalofuata joto, na kombora la Sidewinder lilikuwa limetoka kwenye ncha ya bawa na kwenda moja kwa moja lilikotumwa.

Nilikolituma mimi.

Tulicheka sana. Yeye alinitukana kidogo kwa Kiarabu, kidogo kwa Kiswahili cha Makunduchi, akachagua ndege nyingine, na baada ya robo saa tulikuwa tumeshapaa tena kutoka uwanja wa Al Dhafra tukiwa bawa kwa bawa. Katika DCS, gemu la kompyuta la kurusha ndege za kivita, kufa ni kubonyeza kitufe. Hakuna matanga.

Nilidhani limekwisha. Siku ya tatu nikalikumbuka nikiwa kwenye daladala naelekea Darajani, bila sababu yoyote. Wiki iliyofuata nikalikumbuka nikiwa nakata kitunguu. Haikuwa sura ya moto iliyonirudia. Ilikuwa rangi.

Njano.

Sekunde nne

Wanaorusha wanaijua Tacview, programu inayorekodi safari nzima ukaja kuitazama baadaye kutoka juu, kama marudio ya goli. Niliifungua nikijiambia nataka kuona kosa la kiufundi. Nikamwona mwenzangu anageuka kutoka kusini, pale pale alipokuwa ameniambia redioni kuwa atageukia. Nikajiona mimi nageuza pua kwa pupa, nimeiweka rada kwenye hali ya mapigano ya karibu. Hali hiyo ya rada haichagui. Inanasa kitu cha kwanza inachokutana nacho, rafiki au jini, kwa sababu imetengenezwa kwa mtu ambaye hana muda wa kuchagua.

Ikanasa. Sekunde nne baadaye kombora likatoka.

Tacview haionyeshi ndani ya chumba cha rubani, kwa hiyo nikafungua na marudio ya gemu lenyewe, yanayokurudisha kitini. Na hapo ndipo nilipoona. Kwenye skrini ya katikati, kwa sekunde zote nne, ndugu yangu alikuwa mabano madogo ya njano.

Hornet, yaani F/A-18, ndege ninayoirusha, ina adabu yake katika jambo hili. Nusu duara ya kijani ni mwenzio. Pembe nyekundu ni adui. Mabano ya njano si rafiki wala adui; ni mashine inakwambia "sijui". Sehemu ya juu ya alama inatokana na vyombo vyako mwenyewe, sehemu ya chini inatokana na wenzako wanaokutumia taarifa kwa mtandao wa data. Yangu ilikuwa haina chini, kwa sababu nilikuwa nimesahau kuuwasha ule mtandao kabla ya kuondoka. Haikuwa na juu ya maana, kwa sababu sikuiuliza ile ndege kama ni ya kwetu.

Mashine haikunidanganya. Iliniambia haijui, nami nikasoma "adui".

Betri, APU, injini ya kulia

Wanaoniona nikicheza hudhani kazi iko kwenye fimbo. Wanangu hugombania fimbo. Lakini fimbo ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote: ndege hizi za sasa, F/A-18 au F-16, kompyuta ndiyo inayosukuma vipande vya mabawa, wewe unaomba tu. Ukiiachia, ndege inabaki ilivyokuwa. Kijana wa miaka kumi anaweza kuirusha.

Kuitumia ni habari nyingine.

Unaanza na betri. Kisha APU, ile injini ndogo inayoamsha zile kubwa, unasubiri taa yake iwe ya kijani. Injini ya kulia kwanza. Ikifika asilimia 25 ya mzunguko unasukuma mkono wa gesi kutoka kwenye kuzima hadi kwenye kupumua. Hewa, umeme, skrini, rada, oksijeni. Kisha unaiambia ndege itafute mahali ilipo, kazi inayochukua dakika kadhaa, na katika dakika hizo huwezi kufanya lolote la haraka. Nyumbani kwangu dakika hizo zinajulikana. Ndizo mke wangu anazozitumia kunikumbusha kwamba mtungi wa gesi umekwisha.

Ilinichukua karibu miezi miwili kuweza kuamsha Hornet bila kuangalia karatasi. Nilitumia dola 80 ambazo sikumwambia mtu, na kompyuta ambayo ikipata joto inalia kama mashine ya kusaga. Kanyagio za miguu sina, nazungusha fimbo. Kichwa changu kinafuatiliwa na kamera ya bei rahisi, na jioni jua likipiga dirishani rubani wangu hutazama dari bila kutaka.

Nilipenda nini? Nilipenda ule mpangilio. Maisha yangu ya mchana hayana orodha inayokwisha. Ofisini unafunga faili hili, linafunguka lile. Hapa kuna swichi, kuna taa, na taa ikiwaka jambo limekamilika. Nilipenda pia kwamba ilinipa ndugu. Mtoto wa ami aliondoka hapa akiwa na miaka kumi na mmoja. Tulikuwa tumebaki watu wa kuandikiana "Eid Mubarak" na kutumiana picha za harusi. Sasa tunazungumza kila Jumatatu na Alhamisi, saa mbili nzima, na katika hizo saa mbili nimejua habari zake nyingi kuliko katika miaka ishirini.

Tulichagua ramani ya Ghuba kwa sababu yake. Alitaka kuruka juu ya milima ya Musandam, aone Khasab, ashuke Fujairah. Na kuna jambo jingine lilitufurahisha. Uwanja wa Shiraz umo. Kwetu hapa wapo wazee watakaokuhesabia mababu mpaka wafike Shiraz, na ukitia shaka utanyimwa kahawa. Usiku mmoja tulipaa kutoka huko kuelekea kusini, ndugu wawili wa Kiunguja tukiwa na makombora sita kila mmoja, na mwenzangu akasema: safari hii babu hakuja na jahazi.

Kwa hiyo naandika haya nikiwa naupenda mchezo. Asije mtu akadhani nimetubu.

Mtoto aliyebeba sahani

Nilipokuwa mdogo, kila Ramadhani kabla ya magharibi mama alikuwa ananipa sahani iliyofunikwa na kawa niipeleke kwa jirani. Sheria zilikuwa zinajulikana. Unasimama pembeni ya mlango, si mbele yake, macho yako yasiingie ndani kabla yako. Unapiga hodi. Usipojibiwa unasubiri kidogo, unapiga ya pili. Unasubiri, unapiga ya tatu.

Ya tatu isipojibiwa, unarudi na sahani yako.

Hiyo ni sehemu ya dini na pia ni sehemu ya mtaa. Anayenyamaza ana sababu zake. Yuko kwenye sala. Yuko bafuni. Hajajisitiri. Ni bibi yule wa nyumba ya tatu ambaye masikio yalikuwa yamekwisha. Pengine hayupo. Pengine yupo na hataki watu leo. Ukimya hauna maana moja, na kwa sababu hauna maana moja, haukupi ruhusa.

Nilipokuwa nasoma kuhusu kile chombo ambacho ndege za vita hutumia kutambuana, nikajikuta natabasamu. Ni hodi. Ndege yako inatuma swali lenye siri ndani yake. Ndege ya mwenzio, ikiwa imewekewa siri hiyo hiyo, inajibu. Ndio yote. Teknolojia ilianza wakati wa Vita Kuu ya Pili, na hadi leo msingi wake ni ule ule: anayejibu sawasawa ni mwenzio.

Na asiyejibu?

Watu wengi, nikiwemo, hudhani chombo hiki kinatambua rafiki na adui. Jina lake la Kiingereza, IFF, yaani "kutambua rafiki au adui", ndivyo linavyodai. Ukweli ni kwamba kinaweza kuthibitisha rafiki tu. Hakuna ndege duniani inayojibu, "Mimi ni adui yako, karibu." Asiyejibu anaweza kuwa adui, anaweza kuwa rafiki ambaye chombo chake kimeharibika, anaweza kuwa na siri ya jana, anaweza kuwa ndege ya abiria ambayo haikuwahi kupewa siri hiyo wala haiihitaji.

Tofauti na mtoto wa sahani ni kwamba rubani hajafundishwa kurudi.

Dakika saba

Ramani yetu ina uwanja wa Bandar Abbas. Ukiutazama kutoka juu utaona njia mbili za kurukia, bandari, kisiwa cha Qeshm mbele yake kama samaki aliyelala. Karibu kila misheni tunayocheza, Bandar Abbas ndiko anakokaa adui. Mitambo ya makombora iko hapo, Mig, ndege za kivita za Kirusi, zinapaa kutoka hapo. Mkono wangu umezoea: kitu chochote kinachopanda kutoka pale ni cha kupigwa.

Tarehe 3 Julai 1988 ndege ya abiria ya Iran Air, safari namba 655, ilipaa kutoka uwanja huo huo saa nne na dakika kumi na saba asubuhi kuelekea Dubai. Ilikuwa Airbus A300. Ni safari ya chini ya nusu saa. Unapanda, unavuka mlango wa bahari, unashuka. Chini yake manowari ya Marekani, USS Vincennes, ilikuwa imo katika mapigano na boti za Iran. Kama dakika saba baada ya ndege kupaa, manowari ilirusha makombora mawili. Watu 290 walikufa. Watoto walikuwa 66.

Nilikuwa naijua habari hii kwa juu juu, kama unavyojua ajali ya zamani. Sikuwa najua ilivyotokea ndani ya kile chumba cha giza chenye skrini.

Manowari ile ilikuwa na mtambo wa rada wa kisasa kuliko wote wa wakati ule. Na mtambo haukukosea. Kanda zilizorekodiwa zilionyesha ndege inapanda, kwa mwendo wa kawaida wa abiria, na chombo chake kikijibu kwa utambulisho wa kiraia. Lakini ndani ya chumba wapo waliotangaza kuwa inashuka, inawajia. Walikuwa wakiiona F-14, ndege ya kivita, kwa sababu Iran ilikuwa nazo na kwa sababu F-14 ndiyo waliyoitarajia. Palikuwa pia na kauli kwamba ndege imejibu kwa namba za kijeshi. Maelezo ya uchunguzi ambayo sijaweza kuyatoa kichwani ni haya: yawezekana kabisa kwamba mwendeshaji aliiweka alama yake ya kuulizia juu ya ndege ilipokuwa bado karibu na uwanja, ndege ikaondoka, alama ikabaki kule kule. Akawa anauliza swali mahali ambapo mlengwa hayupo tena. Aliyejibu ni mwingine, ndege ya jeshi iliyokuwa imekaa chini uwanjani.

Alipiga hodi kwenye mlango wa jirani, akajibiwa na jirani, akaandika jina la jirani kwenye nyumba nyingine.

Soma hilo halafu rudi kwenye kiti chako cha gemu.

Kwenye Hornet, kishale kimoja kinahudumia skrini zote. Kidole gumba kinakihamisha, na alama ndogo ya almasi kwenye kona ya skrini ndiyo inayokwambia sasa mkono wako uko wapi. Usipoiangalia, utakuwa unabonyeza kwa nguvu zote huku amri zako zinakwenda kwenye skrini usiyoitazama. Nilirudi kwenye marudio yangu ya miezi mitatu, safari moja baada ya nyingine. Nilikuwa nikiuliza mara nyingi kuliko nilivyodhani. Nusu ya hayo maswali niliyauliza almasi ikiwa kwenye skrini ya kushoto, rada ikiwa kulia. Sikujibiwa kwa sababu sikumuuliza mtu. Kisha nikarusha.

Wale niliowapiga wengi walikuwa adui kweli. Nilikuwa na bahati. Bahati ukiwa nayo miezi mitatu unaanza kuiita ujuzi.

Waliokaribia wakatazama

Mtu anaweza kusema dawa ni macho. Usiamini skrini, sogea karibu, tazama. Nami nilisema hivyo, mpaka nikasoma ya tarehe 14 Aprili 1994.

Kaskazini mwa Iraq, F-15 mbili za Marekani zilikuta helikopta mbili mahali ambapo hazikutarajia kukuta kitu. Waliuliza kwa vyombo. Hawakupata jibu la kutegemewa, kwani helikopta zilikuwa na namba isiyo ya eneo lile. Juu yao kulikuwa na ndege ya rada, AWACS, iliyokuwa na uwezo wa kujua. Marubani wakafanya ninachokihubiri: wakasogea, wakapita karibu, wakatazama kwa macho yao. Wakaona Hind, helikopta za Kirusi. Zilikuwa Black Hawk za jeshi lao wenyewe, zimefungwa matangi ya mafuta ya ziada ubavuni. Watu 26 walikufa, Wamarekani, Waingereza, Wafaransa, Waturuki na Wakurdi waliokuwa kwenye kazi moja.

Macho yalikwenda kuthibitisha. Hayakwenda kuuliza.

Na usidhani ni mambo ya zamani. Tarehe 22 Desemba 2024, kwenye Bahari ya Shamu, manowari ya Marekani USS Gettysburg iliangusha F/A-18F ya kwao, ndugu wa hii ninayoirusha mimi mezani. Watu wawili waliokuwamo walijirusha wakaokolewa. Nilipoiona habari ile wakati wake niliituma kwenye kundi letu na vikaragosi vya kucheka. Iko bado kwenye simu. Nimeitazama wiki hii.

Hoja ya Muscat

Nilipomweleza mtoto wa ami yote haya, alisikiliza kwa uvumilivu wa mtu anayekula huku akisikiliza. Kisha akasema:

"Haya. Lakini ukipiga hodi vitani, utazikwa na hodi yako."

Hakuwa anatania. Alhamisi iliyofuata nilijiwekea sharti: sirushi mpaka niulize, nione almasi iko mahali pake, nisubiri. Nikakutana na kitu cha njano maili 18 mbele. Nikauliza. Nikasubiri. Nikauliza tena. Alikuwa MiG-29 na hakuwa na sharti lolote. Kengele ikalia masikioni, nikageuza, nikamwaga miali ya moto nikidhani litafuata joto, na kombora lake la rada likaipita miali ile kama mtu anavyopita ombaomba. Nikafa nikiwa na adabu.

Wiki hiyo nilikufa mara tano. Mwenzangu akawa analinda wawili, mimi na yeye, na nikamsikia amechoka. Hapo nikaona uzito wa upande wa pili. Kusubiri kwangu hakukuwa bure; alikuwa analipa yeye. Rubani anayechelewa kurusha hajiweki hatarini peke yake, anawaweka wote walio nyuma yake, na manowari yenye watu mia tatu na zaidi ndani ina dakika ngapi za kuwa na adabu?

Hilo sina jibu lake. Siku tatu nilifikiri ninalo, ya nne likanitoka.

Kuna njia ya kati, na niliishika kwa mikono miwili. Rada ya Hornet inaweza kukisia aina ya ndege kwa kusoma mwangwi unaorudi kutoka kwenye mapanga ya injini yanayozunguka. Ni jambo la ajabu. Ni kama kumtambua mgeni gizani kwa kobazi zake. Ikisoma vizuri inakuandikia jina la ndege. Lakini inataka ndege ikuelekee, uone mdomo wa injini. Ikikupa ubavu, husomi kitu. Na ili kusoma lazima umkazie rada, naye atajua amekaziwa. Kila swali katika kazi hii lina bei, na muulizwaji naye anasikia.

Alhamisi

Wiki mbili zilizopita aliniambia ametengeneza misheni mpya. Hakueleza zaidi. Aliiandaa mwenyewe, usiku kadhaa, mkewe akiwa amesafiri. Yeye angekaa chini, awe mwongozaji wa redioni. Mimi ningepaa peke yangu.

Nilipaa Al Minhad na giza limeingia. Mtandao wa data nimewasha. Nilikuwa nimeandika karatasi nikaibandika juu ya skrini. Dubai nyuma yangu ilikuwa inang'aa kama sinia. Alinipeleka kaskazini, futi 20,000, tukazungumza habari za shangazi yetu anayeumwa goti. Kisha sauti yake ikabadilika.

"Mig mbili zimepaa Bandar Abbas. Zinakuja kwako."

Nilizipata. Alama mbili, pembe nyekundu, mtandao umenithibitishia. Nikampiga wa kwanza kutoka mbali. Wa pili akageuka, akashuka chini kuelekea Qeshm, nikampoteza kwenye mwangwi wa ardhi. Mikono ilikuwa imelowa. Kompyuta ilikuwa inasaga mahindi.

Kisha kikatokea kitu juu ya maji. Maili 20, kidogo kulia kwangu, kinatoka upande wa Bandar Abbas.

Mabano ya njano.

Nilitazama almasi. Ilikuwa kwenye skrini ya kulia, mahali pake. Nikaweka kishale juu yake, nikauliza. Hakuna. Nikahesabu mpaka tatu kwa sauti, mke wangu akageuka kitandani. Nikauliza. Hakuna. Nilikuwa nafikiria yule Mig wa pili, alikokuwa ameshukia, na jinsi atakavyoibuka. Nikamkazia rada nipate jina la ndege. Alikuwa amenipa ubavu, sikupata kitu. Nikauliza mara ya tatu.

Maili 14.

Nikarusha.

Haikugeuka. Haikushuka, haikumwaga moto, haikufanya lolote ambalo mtu anayewindwa hufanya. Ilikwenda vile vile, imenyooka, mpaka alama ikapotea kwenye skrini.

Redioni palikuwa kimya kwa muda. Nilidhani intaneti imekatika.

"Ilikuwa Yak-40," alisema mtoto wa ami. "Ya abiria. Niliiweka upande usio na upande. Ilikuwa inakwenda Dubai."

Nilivuta Tacview palepale, sikusubiri kumaliza. Kilomita 500 kwa saa na kidogo, kimo kimoja, mstari mmoja tangu ilipomaliza kupanda. Mig gani inaruka hivyo? Mwendo wake ulikuwa umeandikwa pembeni ya alama muda wote. Sikuusoma. Nilikuwa nauliza jina.

"Ulimuuliza?" akasema.

"Nilimuuliza."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

Hakusema kitu. Yeye na mimi tulibebeshwa sahani na watu wale wale, katika mtaa ule ule. Nilimsikia anasogeza kiti, anafungua friji, anafunga.

"Umeme wenu upo bado?" aliuliza.

"Upo."

"Basi nianze upya?"

Nikamwambia aanze. Skrini ikawa nyeusi, kisha nikajikuta tena Al Minhad, giza, ndege imezimwa, karatasi yangu imebandikwa juu. Betri. APU. Nikasubiri taa iwe ya kijani.